Setilaiti, droni, nyaya au mtambo wa kuchoronga: uanze na kipi unapotafuta madini?

Cha mvunguni sharti uiname, na madini ni ya mvunguni kweli kweli. Kuinama hakuna anayekubishia. Ubishi uko kwenye namna ya kuinama bila kuvunja kitanda. Mwenye leseni mpya ya utafutaji huletewa mapendekezo kabla wino haujakauka: huyu anauza uchambuzi wa picha za setilaiti, yule ana droni yenye kipimasumaku, mwingine anasema hayo yote ni kupoteza muda, lete mtambo tuchoronge. Wote wameandika "rafiki wa mazingira" kwenye ukurasa wa kwanza.

Mimi hupima njia hizi kwa maswali mawili. La kwanza: madini ninayotafuta yanatofautiana kwa kitu gani na mwamba unaoyazunguka? Uzito, usumaku, kupitisha umeme, namna yanavyorudisha mwanga wa jua, au kemia ya udongo ulio juu yake? La pili: kupata jibu hilo kutaigharimu ardhi kiasi gani, yaani miti, maji na barabara mpya. Swali la kwanza likikosa jibu, la pili halina maana. Kipimo kisichoweza kuyaona madini yako hakiwi endelevu kwa sababu tu kinaruka angani. Kitakupeleka kuchoronga mahali pasipo na kitu, na hasara itakuwa ileile.

Picha za setilaiti: bure, lakini zinaona ngozi tu

Landsat ya kwanza ilirushwa 1972, na tangu hapo picha zimekuwa bora na rahisi kupatikana. Sentinel-2, iliyoanza kazi 2015, ina mikanda 13 ya mwanga, minne kati yake ikionyesha ardhi kwa vipande vya mita 10 kwa 10, na data zake hazilipiwi. Ardhi haiguswi hata kidogo. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuiruka hatua hii.

Kinachotafutwa kwenye picha hizo mara nyingi si madini yenyewe. Maji ya moto yaliyobeba metali yanapopenya kwenye miamba huibadilisha kwa upana unaoweza kufika kilomita kadhaa: feldispa, madini ya kawaida kwenye miamba, hugeuka kuwa madini ya mfinyanzi, na sulfaidi, yaani metali zilizoungana na salfa, zikifika juu hushika kutu. Madini ya mfinyanzi hufyonza mwanga karibu na mikrometa 2.2, na kutu ya chuma ina alama yake kwenye mwanga mwekundu na ule unaoufuata. Setilaiti inaziona alama hizo.

Hapa ndipo uchaguzi wa chombo unapoanza kuwa na uzito. Sentinel-2 ina mkanda mmoja tu karibu na hiyo mikrometa 2.2. Itakuambia kuna mfinyanzi, lakini haitakuambia mfinyanzi gani, na tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha uko karibu au mbali na chanzo cha joto. ASTER, iliyorushwa Desemba 1999, ilikuwa na mikanda mitano kwenye eneo hilo, ila vipokezi hivyo viliharibika 2008. Wengi husikia habari hiyo wakaachana na ASTER. Ni kosa. Mwamba haukuzeeka tangu 2008, na picha ya 2003 iliyopigwa kiangazi bila mawingu ina thamani ileile leo. Ukitaka data mpya, kuna PRISMA ya Italia (2019) na EnMAP ya Ujerumani (2022), zenye mikanda zaidi ya 200 ingawa vipande vyake ni vya mita 30.

Udhaifu wa zote ni mmoja: zinaona uso tu. Kwenye jangwa lenye miamba iliyo wazi, setilaiti inaweza kukuokolea msimu mzima wa kutembea. Kwenye msitu, au kwenye bonde lililofunikwa na udongo ulioletwa na maji kutoka kwingine, utakuwa unachora ramani ya majani. Huko itumie kusoma mipasuko mikubwa ya miamba na mwelekeo wa mito, kisha uendelee mbele.

Sumaku: droni, ndege au miguu

Uga wa sumaku wa dunia ni kati ya nanotesla 25,000 na 65,000 hivi, kutegemea ulipo, na kipimasumaku cha kisasa husoma mabadiliko yaliyo chini ya nanotesla 1. Teknolojia ya kukibeba kwenye ndege ilikuzwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikiwinda nyambizi. Baada ya vita wajiolojia wakairithi.

Dhahabu haina usumaku wa maana, wala shaba haina. Basi kwa nini kila mtafuta dhahabu anaanza na sumaku? Kwa sababu magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku, imetapakaa kwenye miamba ya kawaida, na maji ya moto yalipopita kwenye mpasuko mara nyingi yaliiharibu. Ramani ikitoka, mpasuko huonekana kama ukanda uliozimika katikati ya miamba inayong'aa. Unafuata ukanda huo.

Kati ya droni na ndege, uamuzi ni wa ukubwa wa eneo. Kwa maelfu ya kilomita za mraba, ndege ya kawaida inayoruka kwa mistari iliyoachana mita 100 au 200 haina mpinzani. Kwa eneo la kilomita za mraba chache hadi makumi, droni inashinda wazi: inaruka chini zaidi, mistari inakaribiana hadi mita 25 au 50, haihitaji uwanja wa ndege wala mapipa ya mafuta. Kutembea na kipimasumaku mgongoni kumebaki kwa maeneo madogo sana na kwa kuhakiki sehemu iliyotia shaka.

Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wauza huduma za droni wamesifiwa sana. Kuna mambo ya kuwauliza kabla hujalipa. Je, wataweka kituo cha ardhini cha kupima mabadiliko ya uga kwa siku nzima? Bila hicho, dhoruba ya jua ya mchana mmoja inaweza kuonekana kwenye ramani yako kama mwamba. Je, kipimasumaku kimening'inizwa mbali na mota za droni? Na la tatu, ambalo wengi hawaliulizi: eneo liko karibu na ikweta ya sumaku? Huko uga wa dunia umelala, hausimami. Mwamba wenye magnetaiti huonekana kama shimo badala ya kilima, na ule uliolala kaskazini-kusini karibu hauonekani kabisa isipokuwa kwenye ncha zake. Nimeona ramani nzuri ya rangi ikisomwa kana kwamba imepigwa karibu na ncha ya dunia, na mashimo yakawekwa pembeni mwa kile kilichotafutwa. Vyombo havikuwa na kosa.

Jambo moja tena kuhusu droni. Haigusi ardhi, kweli, lakini inapita juu ya watu na mifugo yao. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili linazungumzia ridhaa inayotolewa kwa hiari, mapema na kwa kuelezwa kila kitu. Mapema maana yake kabla ya mashine kuanza kuvuma juu ya paa la mtu, hata kama mashine hiyo haitakata mti hata mmoja.

Mionzi ya gama, inayopima potasiamu, thoriamu na urani, mara nyingi hurushwa pamoja na sumaku kwa gharama ndogo ya ziada. Inasoma sentimita 30 hadi 40 za juu tu. Ikubali ukipewa kwa bei ndogo, usiilipie safari yake peke yake isipokuwa unatafuta urani.

Mvutano: polepole, ila haudanganyi kirahisi

Gravimita hupima kama mwamba ulio chini yako ni mzito kuliko jirani zake. Kwatsi ina uzito wa gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo. Hematiti, madini ya chuma, inazidi 5. Kwa madini mazito yasiyo na usumaku, kama hematiti na kromaiti (madini ya kromiamu), hii ndiyo njia.

Anayepima anatembea, anaweka chombo chini, anasubiri kitulie, anasoma, anaondoka. Alama anayoacha ni nyayo. Gharama iko kwenye kupima mwinuko: kila mita moja ya kupanda hupunguza mvutano kwa miligali 0.3086, hivyo ukikosea mwinuko kwa nusu mita, umejitengenezea hitilafu (kipimo kinachotofautiana na cha jirani zake) inayolingana na ile unayoitafuta. Siku hizi vipokezi vya GPS vya usahihi wa sentimita vimelimaliza tatizo hilo kwenye maeneo ya wazi. Chini ya miti mirefu bado lipo.

Mfano ninaopenda kuutaja ni Olympic Dam, kusini mwa Australia. Shimo la kwanza lilichorongwa 1975 mahali ambapo hitilafu ya mvutano na ya sumaku zilikutana, na juu hapakuwa na chochote cha kuona. Shaba, urani na dhahabu vilikuwa chini ya zaidi ya mita 300 za miamba isiyo na kitu. Hakuna picha ya setilaiti wala sampuli ya udongo ambayo ingewafikisha pale.

Umeme: hapa ndipo neno "haiharibu" linapoanza kuyumba

Njia za umeme ni mbili kubwa, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya sumakuumeme: unatuma uga unaobadilika, ardhi yenye kupitisha umeme inajibu, unasoma jibu. Inaweza kufanywa kutoka kwenye helikopta au ndege bila mtu kukanyaga chini. Inafaa sana kwa sulfaidi zilizoshikamana kuwa donge moja. Kidd Creek huko Ontario, Kanada, moja ya hazina kubwa za shaba na zinki, ilipatikana 1963 kwa kuchoronga juu ya hitilafu iliyosomwa kwa ndege.

Adui zake ni kinywe (grafaiti) na maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi, ambavyo hupitisha umeme vizuri na kutoa alama inayofanana kabisa na ya sulfaidi. (Ukiwa unatafuta kinywe chenyewe, basi adui wa mwenzio ndiye mgeni wako rasmi.) Halafu zinki yenyewe, ikiwa kwenye sfaleriti, yaani sulfaidi ya zinki, haipitishi umeme vizuri. Inaonekana kwa sababu ya majirani zake.

Njia ya pili huitwa kwa kifupi IP (induced polarization). Unachomeka vyuma ardhini, unapitisha mkondo, unauzima, halafu unapima chaji inavyopungua polepole. Punje za sulfaidi zilizotawanyika ndani ya mwamba, zisizogusana, hushika chaji kidogo kama betri ndogo. Kwa shaba ya aina ya pofiri, ambamo sulfaidi ni asilimia chache tu ya mwamba, sumakuumeme hupita bila kuona kitu, na IP huona.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo brosha zinaponyamaza. IP ya kawaida inahitaji nyaya ndefu zilizonyooka, na kwenye msitu maana yake ni kufyeka njia. Chukua mistari 10, kila mmoja kilomita 3, upana wa njia mita 2. Hizo ni mita za mraba 60,000, yaani hekta 6. Uwanja wa mtambo mdogo wa kuchoronga wa mita 20 kwa 25 ni mita za mraba 500, kwa hiyo viwanja 20 ni hekta 1. Ongeza kilomita 5 za barabara ya mita 4, ambazo ni hekta 2. Uchorongaji wote umekula hekta 3, na kipimo "kisichoharibu" kimekula 6.

Sisemi usifanye IP. Njia iliyofyekwa kwa panga, mizizi ikaachwa, huota tena. Barabara ya buldoza hualika wavunaji wa mbao na haisahauliki haraka. Ila ukiletewa pendekezo, uliza upana wa njia na urefu wake, uzidishe mwenyewe. Kuna vipokezi visivyohitaji nyaya ndefu, vyenye GPS ndani, vinavyoweza kuwekwa popote penye nafasi kati ya miti badala ya kwenye mstari ulionyooka. Bei iko juu. Kwenye msitu mnene mimi ningeilipa. Kwenye nyasi za wazi nisingeilipa hata kidogo.

Udongo na mashapo ya mito

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote hapa na bado ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inapima kitu chenyewe. Mashapo ya mto yanakusanya habari za mlima mzima. Ukipanda na mto ukichukua sampuli kila makutano, unapunguza eneo hadi bonde moja. Kisha unaingia kwenye udongo kwa gridi. Kishimo cha sentimita 30, kilo moja au mbili, unafukia, unaondoka.

Ulinganisho wa kweli ni kati ya maabara na bunduki ya XRF ya mkononi, inayotambua elementi kwa eksirei. Bunduki inatoa jibu kwa dakika moja au mbili na inaondoa safari za magari yenye magunia ya sampuli. Kwa shaba, zinki, risasi na aseniki ni nzuri, mradi udongo umekaushwa na kuchekechwa. Kwa dhahabu haifai: sampuli ya udongo yenye kuvutia inaweza kuwa na sehemu 20 au 50 tu kwa bilioni, chini kabisa ya uwezo wake, hivyo hutumika kufuata aseniki inayoandamana na dhahabu. Na lithiamu haioni kabisa, ni elementi nyepesi mno kwa mionzi yake. Nashangaa bado kuna wanaoinunua kwa kazi hiyo.

Maabara nayo ina masharti. Kwenye kila kundi la sampuli ingiza zisizo na kitu, zenye kiwango kinachojulikana, na zilizorudiwa, bila kuiambia maabara ni zipi. Asiyefanya hivyo ana orodha ya namba tu.

Kuna faida nyingine ambayo huhitaji kuilipia. Sampuli za mashapo na maji zilizochukuliwa kabla ya mtambo wowote kufika ndizo ushahidi wa hali ya mwanzo. Mito mingi inayopita kwenye miamba yenye madini ina aseniki ya asili. Mgodi ukija miaka kumi baadaye, bila namba hizo hakuna atakayeweza kusema nini kilikuwepo na nini kimeletwa, na hasara hiyo ni ya mgodi na ya wanaokunywa maji hayo vilevile.

Udhaifu: udongo ulioletwa kutoka mbali hudanganya. Ukiwa juu ya mchanga wa mto wa kale wenye kina cha mita 40, unapima mlima wa mtu mwingine.

Kuchoronga: aina gani

Mwishoni utachoronga. Kanuni za kutangaza rasilimali, kama JORC ya Australia na NI 43-101 ya Kanada, haziruhusu utangaze tani na viwango kwa ramani ya sumaku. Swali lililobaki ni mtambo upi.

Mtambo wa RC (reverse circulation) hutumia hewa iliyoshindiliwa kupandisha chenga za mwamba. Ni wa haraka, mita moja ni nafuu, na hautumii maji mengi. Lakini ni mzito, una kompresa kubwa, unahitaji barabara pana na uwanja uliosawazishwa, na vumbi lake lisipozuiwa ni hatari kwa mapafu. Ukifika kwenye maji mengi ya chini ya ardhi, chenga zinalowa na kuchanganyika, na sampuli zinapoteza uaminifu.

Mtambo wa almasi, unaokata kwa meno ya almasi, hutoa kori, mche mzima wa mwamba; ukubwa wa NQ una kipenyo cha milimita 47.6 na HQ milimita 63.5. Ni wa polepole na ghali, na unakunywa maelfu ya lita za maji kwa siku usipoyarudisha kwenye mzunguko. Lakini kuna mitambo ya aina hii inayofunguliwa vipande na kubebwa na watu au helikopta, bila barabara yoyote. Kwenye mlima wenye msitu, ingawa bei ya mita iko juu, jeraha la ardhi linaweza kuwa dogo kuliko la RC. Kwenye tambarare kavu, chagua RC bila kusita, kisha uweke mashimo machache ya almasi kuona mwelekeo wa mishipa.

Akili mnemba imeingia hapa pia, ikichanganya ramani zote na kupendekeza pa kuchoronga. Inasaidia penye data nyingi na safi. Tahadhari yangu ni moja: sampuli nyingi za zamani zilichukuliwa kando ya barabara, na kompyuta isiyoambiwa hivyo hujifunza kwamba madini hupenda barabara.

Kwa haraka, ukijua unachotafuta

| Unatafuta | Anza na | Usilipie |
|---|---|---|
| Shaba ya pofiri | ASTER, mashapo ya mito, kisha IP | Sumakuumeme ya angani kutafuta punje zilizotawanyika |
| Nikeli au shaba kwenye donge la sulfaidi | Sumaku na sumakuumeme za angani | IP ya eneo zima |
| Dhahabu kwenye mishipa | Sumaku ya droni, udongo kwa maabara | XRF ya mkononi kupima dhahabu |
| Lithiamu kwenye pegmataiti (mwamba wa punje kubwa) | Kutembea, mashapo na udongo kwa maabara | XRF ya mkononi kupima lithiamu |
| Kinywe | Sumakuumeme | Sumaku peke yake |
| Hematiti, kromaiti | Mvutano | Sumaku peke yake |

Jedwali haliondoi macho. Voisey's Bay, hazina ya nikeli ya Labrador nchini Kanada, ilianza 1993 na watafutaji waliokuwa wakiwinda almasi, wakaona mwamba wenye kutu juu ya kilima.

Kabla hujasaini mkataba wa uchorongaji

Hakikisha umeandikwa nani atafukia shimo la tope, nani ataziba mdomo wa shimo ili mifugo isivunjike miguu na maji ya juu yasiingie ya chini, na picha za kabla na baada zitakaa kwa nani. Kisha uliza kuhusu kori. Utaratibu wa kawaida ni kuipasua kwa urefu, nusu ikaenda maabara na nusu ikabaki kwenye sanduku. Kule Busang, mradi wa dhahabu Indonesia, kori zilisagwa zote, hakukubaki nusu ya kuhakiki, na 1997 ikathibitika kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu. Nusu inayobaki ina kazi nyingine pia: shimo lililochorongwa kutafuta shaba leo linaweza kupimwa upya kwa kobalti miaka 15 baadaye, na atakayefanya hivyo hatahitaji kuita mtambo wala kukata mti. Kwa hiyo bajeti iwe na ghala lenye paa na masanduku yaliyoandikwa namba kwa kitu kisichofutika.